Mzee na Hirimu Zake



Maneno yanayoletwa mbele ya hadhara hii ni juu ya makazi ya uzeeni. Wala si makazi ya mzee aliyetupwa na jamaa zake, kwani hukumu ya jambo hilo haina mjadala baina ya Waislamu, na hotuba zake zimekwisha somwa nyingi. Habari itakayozungumzwa ni ya mzee wa namna nyingine: mwenye afya yake, mwenye akiba yake, mwenye watoto wampendao na kumjulia hali, ambaye kwa hiari yake mwenyewe huiuza nyumba aliyowalelea wanawe, akahamia katika mji ambao sharti lake la kwanza ni umri. Katika nyumba za mji huo yapasa awemo mtu mmoja angalau aliyetimiza miaka 55, na mtoto haruhusiwi kukaa humo ila kwa ziara ya siku zilizohesabiwa.

Mtu wa Afrika ya Mashariki aisikiapo habari hii kwa mara ya kwanza aghalabu hucheka, kisha husikitika, kisha huuliza: Je, wana wao wako wapi? Swali hilo ni jema, lakini halikustahili kutangulia. Lililostahili kutangulia ni kuwauliza wazee wenyewe wanasemaje, na katika mambo ya wazee hilo ndilo swali lisahauliwalo kuliko yote, huko kwao na huku vile vile.

Asili ya jambo hili ni fedha. Zamani, Ulaya na Marekani, mzee asiye na mali hakuwa na hiari. Alikaa kwa mwanawe au alikwenda katika nyumba ya maskini. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani, katika zama za waziri wake mkuu Bismarck, ilitunga sheria ya malipo ya uzeeni kwa wafanya kazi waliofika umri wa miaka 70, na umri huo ukashushwa hata 65 mwaka 1916. Marekani ilikawia. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Roosevelt mwezi wa Agosti 1935, na mtu wa kwanza kupokea malipo ya kila mwezi, mnamo Januari 1940, alikuwa bibi mmoja wa jimbo la Vermont, jina lake Ida May Fuller. Hundi yake ilikuwa ya dola 22 na senti 54. Bibi huyo alikuwa amechangia katika mfuko ule dola 24 na senti 75 tu. Akajaliwa umri wa miaka 100, na hata alipokufa mwaka 1975 alikuwa amekwisha pokea zaidi ya dola 22,000. Wenye kupiga hesabu za serikali hawakufurahi sana na mfano wake, lakini unaonyesha wazi kilichokuwa kimezaliwa. Palikuwa na kundi la watu wenye miaka kumi na mitano, ishirini au zaidi mbele yao, wasio na kazi ya kwenda asubuhi, wala mtoto wa kulea, na mfukoni mwao mna kitu kidogo kisichokatika mwezi hata mwezi. Watu kama hao hawakupata kuwako kwa wingi namna ile tangu dunia kuumbwa. Hapakuwa na desturi ya kuwaambia wafanye nini.

Wa kwanza kuwajengea mji alikuwa Ben Schleifer, mtu aliyezaliwa katika nchi ya Urusi akahamia Marekani. Husimuliwa kuwa alikwenda kumzuru rafiki yake katika nyumba ya kutunzia wazee, akachukizwa na amri zake za kulala saa hii na kula saa ile, kana kwamba watu waliolea wenzao sasa wamerudishwa shule. Mwaka 1954 akaanzisha katika jangwa la Arizona, karibu na Phoenix, mji mdogo akauita Youngtown, yaani Mji wa Ujana. Nyumba zilikuwa ndogo na za bei nafuu, na watoto hawakuwa na mahali humo.

Miaka sita baadaye alikuja ubavuni pake mtu mwenye nguvu kumshinda. Huyu ni Del Webb, seremala wa zamani aliyekuwa mkandarasi tajiri. Alinunua mashamba ya pamba, naye alikuwa na busara moja ya biashara iliyo na maana kubwa katika mazungumzo haya. Wajenzi wengine huuza nyumba kwanza, wakaahidi kuwa bustani na ukumbi vitakuja baadaye; na wote waliopata kununua kiwanja wanajua ahadi hizo huishia wapi. Yeye alitangulia kujenga uwanja wa gofu, maduka, ukumbi, bwawa la kuogelea na vyumba vya kazi za mikono, kisha akafungua milango. Siku ile ilikuwa tarehe 1 Januari 1960, na mji uliitwa Sun City. Kwa siku tatu za kwanza walikadiriwa kufika watu 100,000, magari yakapanga foleni jangwani, na nyumba 237 zikauzwa, bei yake ikianzia dola elfu nane na kitu. Waliosema kuwa mzee hawezi kubanduka pale alipo wajukuu wake walinyamaza kwa muda. Mwezi wa Agosti 1962 picha ya Webb ilitokea juu ya jalada la gazeti la Time.

Tangu hapo miji hiyo imeenea. Katika California upo ule wa Leisure World, kule Seal Beach, uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika Florida upo uitwao The Villages, ambao katika hesabu ya watu ya 2020 ulionekana kuwa eneo la mji lililokua upesi kuliko yote katika Marekani kwa muda wa miaka kumi, likafika watu 130,000 hivi. Sun City yenyewe ina watu karibu 40,000 leo.

Maisha ya humo yana utaratibu wake. Nyumba nyingi ni za chini, zisizo na ngazi, kwa sababu ya magoti. Watu huendesha vigari vidogo vya gofu kwenda dukani na kanisani. Sun City haina meya wala baraza la mji. Mambo ya starehe yaendeshwa na chama cha wenye nyumba, na kila mwenye nyumba hulipa ada ya mwaka, apende kuogelea asipende. Wazee wenyewe, kwa kujitolea, huzunguka mitaani kulinda usalama na kuokota takataka barabarani, na kazi hiyo huifanya vizuri kuliko manispaa nyingi zenye wafanya kazi wa mshahara. Viko vyumba vya useremala, vya kufinyanga, vya kushona. Mtu aliyekuwa karani miaka arobaini hujifunza kuchonga ndege wa mti, akaonekana fundi.

Basi, ni lipi walilolitafuta? Wenyewe hutaja jua, na raha, na kupungukiwa na kazi za nyumba kubwa. Lakini likichunguzwa zaidi lipo neno ambalo Kiswahili kina jina lake zuri, nalo ni hirimu. Mtu na hirimu zake hawaelezani mambo. Wimbo mmoja ukipigwa, wote wamekwisha rudi mwaka mmoja. Maumivu ya mgongo si habari. Mmoja akisahau jina la mtu, mwenziwe hamtazami kwa huruma, maana naye jana alisahau. Mzee aliye peke yake miongoni mwa vijana hupewa heshima nyingi na mazungumzo machache. Huamkiwa vizuri, huletewa kiti, kisha wenye nyumba wakaendelea na maneno yao.

Jambo hili limepata kupimwa. Mtaalamu aitwaye Irving Rosow aliwachunguza wazee wapatao 1,200 wa mji wa Cleveland, waliokaa katika majumba ya kupanga, mengine yakiwa na wazee wengi na mengine wachache, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Alikuta kwamba pale penye wazee wengi ndipo mzee alipokuwa na marafiki wengi zaidi. Na waliofaidika zaidi walikuwa watu wa kipato kidogo, ambao marafiki zao ni majirani kwa sababu hawana gari la kuwafuata wa mbali. Baada yake, mwaka 1973, Bibi Arlie Hochschild akatoa kitabu juu ya jumba moja dogo la California lililokaliwa na wazee 43, wengi wao wakiwa wajane wa kawaida, si matajiri. Alifanya kazi humo, akayaona. Alitarajia kuona upweke. Alichokuta ni wanawake wanaoishi kama ndugu wa tumbo moja, wakigombana, wakitaniana, wakipelekeana chakula, wakiangaliana asubuhi kama mwenzao ameamka salama. Walikuwa na watoto, nao waliwapenda. Lakini mambo mengine hayasemwi kwa watoto.

Haya yote ni upande mmoja. Upande wa pili una wasemaji wake tangu zamani, na mwenye sifa zaidi kati yao ni Lewis Mumford, mwanachuoni wa habari za miji, aliyeandika makala mwaka 1956, kabla Sun City haijawa, akipinga kuwatenga wazee na kutaka wachanganywe katika mitaa ya watu wote. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: mtaa wenye kila umri humfanya mzee aonekane na awe na kazi, na humfanya mtoto ajue uzee ni nini kabla haujamfika. Mji usio na watoto ni mji usiokumbuka kuwa kesho ipo.

Maneno ya Mumford yalionekana kweli upesi, na yalionekana katika kodi. Watu wa Sun City walikuwamo katika wilaya moja ya shule pamoja na mji jirani wa Peoria, wenye familia changa. Kila ilipotakiwa ruhusa ya wapiga kura kukopa fedha za kujengea madarasa, wazee walitoka kwa wingi wakakataa, mara baada ya mara. Hoja yao ilikuwa kwamba wao wamekwisha somesha wa kwao. Mwisho wake, katika miaka ya 1970, Sun City ilitolewa katika wilaya ile ya shule, na watu wa Peoria hawakulia. Mtu aweza kuwatetea wazee hao, kwani malipo ya uzeeni hayapandi upesi kama kodi. Walakini itakumbukwa kwamba malipo yale yenyewe hutoka katika mishahara ya vijana walio kazini, na vijana hao walisomeshwa na mtu.

Kisa kilicho kizito kuliko hicho kilitokea Youngtown. Mnamo 1996 kijana mmoja wa miaka 16, aliyekimbia ukatili nyumbani kwao, alikwenda kukaa kwa babu na bibi yake. Wao walikuwa wamenunua nyumba yao kwa sharti la mji usio na watoto. Halmashauri ikashikilia sharti lake. Mabibi na mabwana, litazameni jambo hili kutoka upande wa wale wazee wawili. Waliuchagua mji ule kwa hiari, waliupenda, majirani zao walikuwa marafiki zao. Na sasa majirani wale wale, wakiwa na karatasi ya sheria mkononi, wanawataka wachague baina ya nyumba yao na mjukuu wao. Wala majirani hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamenunua kimya, wakakilipia, na waliogopa kuwa mlango ukifunguliwa kwa mmoja utafunguka kwa wote. Shauri lilifika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Arizona, akalichunguza, na mwaka 1998 ikaonekana kwamba sharti la umri la mji ule halikuwa na nguvu ya sheria. Youngtown, mji wa kwanza wa wazee katika Marekani, ukawa mji wa watu wote.

Hapa haina budi kuelezwa kidogo sheria ya nchi ile, kwa kuwa wengi hudhani ubaguzi wa umri huruhusiwa tu kama atakavyo mwenye nyumba. Sivyo. Sheria ya makazi ya haki ya 1968 ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya rangi, dini au asili ya taifa lake. Mwaka 1988 iliongezwa marufuku ya kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Miji ya wazee ikaruhusiwa kama jambo lililotolewa katika marufuku hiyo, kwa masharti: ama wakazi wote wawe wametimiza miaka 62, ama katika kila nyumba mia zilizokaliwa, 80 angalau ziwe na mtu aliyetimiza 55, na mji wenyewe uitangaze nia yake hiyo na kuhakikisha umri wa watu wake. Sheria ya 1995 ililegeza mambo fulani, ikaondoa lile sharti la kuwa na huduma maalumu kwa wazee. Kwa hiyo mji usioweka hesabu yake sawasawa waweza kuipoteza ruhusa.

Lipo na jambo ambalo wauzaji hawalitii katika picha zao za rangi. Watu huhamia mji wa wazee wakiwa na miaka 60, wawili wawili, wakiendesha gari. Baada ya miaka ishirini na mitano mmoja amekwisha kufa, gari halimwendi aliyebaki kwa sababu ya macho, na majirani wote wa kumwomba msaada wana miaka 85 kama yeye. Hirimu hufurahiana pamoja, na huchoka pamoja pia. Hapo ndipo huja kijana wa kuajiriwa kumwogesha na kumlisha, na si mara chache kijana huyo ametoka Afrika ya Mashariki, naye nyumbani kwao amemwacha mama ambaye humtumia fedha kila mwezi amlipe mtu mwingine wa kumtazama. Nani katika wawili hao, mzee wa Arizona au mama wa kule nyumbani, anaishi na mwanawe? Wala mmoja.

Lakini isidhaniwe kuwa Afrika haikupata kuishi kwa marika. Katika nchi ya Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo wataalamu Godfrey na Monica Wilson waliichunguza katika miaka ya 1930, na Bibi Wilson akaitolea kitabu mwaka 1951. Mvulana alipofika miaka kumi hivi alitoka nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wavulana wa rika lake pembezoni mwa kijiji. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kikundi kizima nyumba kwa nyumba. Walipooa, wake zao waliwafuata hapo, na kile kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima, na hatimaye kijiji cha wazee, rika lile lile tangu mwanzo hata mwisho. Sababu yao haikuwa kuwakimbia watoto. Ilikuwa ni adabu, kwani haikufaa mkwe na mke wa mwanawe kukutana, wala kijana kukaa karibu na faragha ya wazazi wake. Na ilikuwa pia kwa ajili ya kile walichokiita ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzi, kula na kuzungumza na watu walio sawa nawe. Kwao mtu hakufunzwa akili na baba peke yake; alifunzwa na wenzi.

Tofauti ya Wanyakyusa na Sun City ni ndogo katika ramani, na kubwa katika maisha. Kijiji cha baba kilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na mama alipika kila siku kwa ajili ya mwana aliyekaa kwingine. Rika lilikuwa na mipaka, lakini chungu hakikuwa na mipaka. Na watu wa pwani hawana haja ya kwenda hata Rungwe kupata mfano: baraza ya wazee baada ya alasiri, penye bao na kahawa, ni nini kama si mji wa wazee wa saa mbili? Kijana apitaye huamkia akapita. Hakatazwi kukaa, hujua tu kuwa pale si pake bado. Baraza hizo, kwa bahati mbaya, ni za wanaume. Mama wa makamo yao yuko ndani, na akiwa amehamia mjini kwa mwanawe, katika nyumba ya ghorofa ya tatu, mwenzi wake wa mazungumzo ni mjukuu arudipo shule na televisheni.

Hiyo ndiyo sababu kisa cha wanawake wa London chastahili kusimuliwa. Mwaka 1998 wanawake wachache wa makamo walikutana wakaamua kuzeeka jirani. Walikuwa wajane, waliotalikiwa na wasioolewa, wala hawakutaka kuwa mzigo kwa watoto, wala kuwekwa na watu wengine mahali wasipopachagua. Iliwachukua miaka 18 kupata kiwanja, fedha na kibali. Mwishoni mwa 2016 walihamia katika jengo lao la nyumba 25 kule High Barnet, kila mmoja na mlango wake na jiko lake, pamoja na bustani na chumba cha pamoja cha kula. Sharti la umri ni miaka 50. Kazi za jengo hugawana wao kwa wao. Wengine wana nyumba zao na wengine wamepanga kwa kodi nafuu, kwa kuwa waliweka tangu mwanzo kuwa asiye na mali asikose. Walioanza wote hawakuwahi kuingia. Miaka 18 ni mingi kwa mtu wa miaka sitini. Hapana kampuni iliyowauzia raha hiyo. Waliitafuta, wakaibishania katika mikutano isiyokwisha, na hilo bila shaka ndilo lililowafanya wajuane kabla ya kuishi pamoja.

Sasa yageukie mambo ya kwao wasomaji wa kitabu hiki. Huku nyumba za wazee zilijengwa kwa sababu nyingine. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iliwajengea wazee Sebleni, na ziko nyumba nyingine Welezo. Wengi wa waliokaa humo walikuwa watu wasio na jamaa wa kuwatunza. Ni jambo la rehema, wala halikuwa hiari ya aina inayozungumzwa hapa. Lakini fedha, ile iliyoanzisha habari yote Marekani, imeanza kidogo kidogo kufika. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alifanya kazi gani. Uganda, tangu 2011, imekuwa ikiwalipa wazee fedha kidogo kwa mwezi, kwanza katika wilaya chache, kisha kwa wenye miaka 80 na zaidi katika nchi nzima. Si fedha za kununulia nyumba jangwani. Ni fedha za chumvi, sabuni na nauli, na zawadi ya mjukuu. Lakini mzee mwenye nauli ni mtu mwingine: aweza kuamua kwenda na kutokwenda.

Amri ya dini juu ya wazazi yajulikana: wasiambiwe neno la kuwachoka, wasikemewe, waambiwe maneno ya heshima. Wengi huifahamu amri hiyo kuwa mzee lazima akae chini ya dari ya mwanawe. Wema, hata hivyo, hupimwa kwa anayetendewa. Wako wazee wanaoishi katika nyumba za wanao mijini huku wameketi mlangoni kama walinzi, wakipewa funguo watu watokapo kazini na kunyang'anywa warudipo. Na nani awapikiaye na kuwafulia? Mara nyingi si mwana mwenye sifa ya kumtunza mama, bali ni mke wa mwana, ambaye hakuulizwa, naye ana mama yake kwingine. Mkwe na mkaza mwana wawili wema, wenye kumcha Mungu, waweza kutaabishana kwa miaka kumi katika jiko moja bila mmoja kufanya kosa. Mama kama huyo akisema, "Mwanangu, nirudishe mtaani kwetu, karibu na somo yangu na msikiti niliouzoea," mwana huona haya mbele ya watu. Husema, watu watanena kuwa nimemtupa. Hapo anayetunzwa si mama, ni jina la mwana.

Waislamu wa pwani na bara wanacho chombo cha kale kwa haja kama hii, nacho ni wakfu. Nyumba ziliwekwa wakfu kwa jamaa, kwa wasafiri, kwa wasomaji wa madrasa. Hapana kizuizi cha mtu kuweka wakfu safu ya vyumba sita kwa ajili ya kina mama wa mtaa wake wakaao peke yao, kila mmoja na mlango wake, na ua mmoja wa pamoja wenye mti na mkeka, hatua chache kutoka kwa watoto wao. Gharama yake haifiki gharama ya mnara. Yatakayoleta mashaka ni yale yale ya Arizona: nani ataingia mmoja akifa, nani atalipa paa likivuja, mgonjwa asiyeweza kujiinua atakaa humo hata lini na chini ya mikono ya nani, na mjukuu wa miaka kumi aliyefiwa na mama yake akiletwa usiku na mfuko wake wa nguo, je, ataruhusiwa kulala? Mambo hayo huandikwa katika hati ya wakfu siku ya kwanza, mashahidi wakiwapo, na kina mama wenyewe wakiwa wamekwisha ulizwa. Wakisema hawataki, vyumba vipangishwe, na kodi yake wagawiwe wao waliko.